Aliyesahihisha Upuuzi

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kutaka kujua. Nilipofika katika shule ile ya upande wa Haneti nikiwa mwalimu mpya, nilimkuta tayari yupo, ameketi kwenye kiti pekee cha ofisi ya walimu chenye mgongo, anapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Tulimwita Mwalimu wa Taaluma. Ndicho kilikuwa cheo chake na ndilo likawa jina lake, hata kwa wanafunzi, hata kwa wazazi ambao hawakujua taaluma ni kitu gani na labda walidhani ni kijiji alikotoka.

Nilifanya naye kazi miaka sita. Katika miaka hiyo sita sikumpenda hata wiki moja, na sioni sababu ya kumpenda leo kwa kuwa tu amezeeka.

Kwanza niseme jinsi alivyokuwa anaongea. Hakuweza kukiacha kitu kikapita bila kukidai sababu ya kuwepo kwake. Ukimwambia mvua imenyesha, angekuuliza tunajifunza nini kutokana na mvua hiyo. Ukimwambia mke wa mwalimu fulani amejifungua salama, angesema, "Jambo jema, kwani linaongeza uwajibikaji." Mlinzi wetu wa shule alipofariki, mzee aliyependwa na kila mtu kwa sababu alikuwa akiwaimbia watoto wa darasa la kwanza wakilia asubuhi, Mwalimu wa Taaluma alisimama msibani kutoa salamu za shule. Akafungua karatasi. Akasema, "Kifo cha marehemu kinatufundisha mambo matatu." La tatu lilikuwa kuwahi kazini.

Mjane alikuwa ameketi karibu yangu kwenye mkeka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani tu. Akaninong'oneza, "Anasemaje huyu?"

Nikamwambia, "Anasema pole, mama."

"Mbona ndefu hivyo?"

Mavazi ya Mwalimu wa Taaluma nayo yalikuwa na ajenda. Shati jeupe la mikono mirefu, tai ya kahawia, suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukukata. Hivyo hivyo mwezi wa kumi, upepo unapobeba vumbi jekundu kutoka mashambani na kulimwaga darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Sisi wengine tulijifunika kanga na mitandio tukaendelea kufundisha. Yeye alisimama kila baada ya dakika tano, akatoa kitambaa, akafuta kiti chake, akaketi tena. Nilikuwa nahesabu. Siku moja alikifuta mara kumi na tisa.

Wengi waliosoma pale watakuambia alikuwa mtu mwema kwa sababu hakuchapa. Ni kweli, sikuwahi kumwona akishika fimbo. Alikuwa na kitu kibaya zaidi. Alimsimamisha mtoto mbele ya wenzake, akaweka mikono nyuma, na kumuuliza, "Maana yake nini?" Kisha akasubiri. Alikuwa na kipaji cha kusubiri. Angeweza kusubiri kipindi kizima, bila hasira na bila kukunja uso, huku mtoto akitazama vidole vya miguu yake. Nimemwona mvulana wa darasa la sita, jitu zima lenye sauti ya besi, akiomba kwa machozi kwamba achapwe yaishe.

Huyu ndiye mtu aliyepewa kazi ya kufundisha watoto wadogo mashairi ya upuuzi.

Ilikuwa hivi. Watoto wengi wa pale walikuja shuleni wakiwa hawajui Kiswahili. Nyumbani ni Kigogo tangu asubuhi mpaka wanalala. Wakifika darasa la kwanza wanakutana na lugha nyingine imewakalia kooni, na wanajifunza kuiogopa kabla ya kuijua. Walijua kuimba kwa pamoja "hili ni dawati" huku wakionyesha ubao. Basi ikaletwa semina mjini Dodoma, siku tatu, kwa walimu wa madarasa ya chini. Mwalimu mkuu alinituma mimi kwa sababu nilikuwa na darasa la pili, na akamtuma Mwalimu wa Taaluma kwa sababu hakuna semina iliyowahi kufanyika katika wilaya bila yeye kuwepo.

Mkufunzi alikuwa binti mdogo tu, mchangamfu, aliyevaa raba. Akasema hivi: mtoto anayeiogopa lugha mpe kwanza lugha isiyomdai kitu. Mwache acheze na maneno. Mwache aseme mambo yasiyowezekana, maana hapo hawezi kukosea. Kisha akatuimbia huku akipiga makofi:

Chura kapiga chafya, ugali ukakimbia,
bata kavaa soksi za uji wa pilipili!

Ukumbi mzima ulicheka, walimu wenye mvi wakapigana mabega. Mwalimu wa Taaluma akanyoosha mkono.

"Samahani, mkufunzi. Umahiri unaotarajiwa ni upi?"

"Hapo hakuna, Mwalimu. Ni mchezo tu, waizoee lugha."

Nilikuwa nimeketi pembeni yake. Nilimwona akiandika "Umahiri unaotarajiwa: hakuna," akalipigia neno hilo mstari kwa rula, kisha akaacha nafasi ya mistari minne chini yake. Nafasi ya kujaza baadaye.

Niliporudi shuleni sikumsubiri mtu. Jumatatu ile ile nilisukuma madawati pembeni nikawaketisha watoto wangu sakafuni kwa duara. Nikasema, "Leo nimemwona kuku..." nikanyamaza, nikawatazama. Walidhani nimesahau. Nikarudia, "Leo nimemwona kuku..." Mtoto mmoja akasema kwa woga, "Anakula?" Nikasema, "Hapana. Anafua jua!" Wakatazamana. Kisha ikawa kama mtu amefungua bomba. Kuku anapika viatu. Kuku ameoa ndoo. Kuku anasukwa nywele na mamba. Nusu ya maneno yalikuwa ya Kigogo na nusu ya Kiswahili, na mengine hayakuwa ya lugha yoyote, fyokoroko na chubwichubwi, tukayapigia makofi yote kwa usawa.

Kulikuwa na msichana anaitwa Nyemo. Aliishi na bibi yake, nyumba ya tembe yenye paa la udongo, kule nyuma ya mashamba ya uwele. Alikuwa anaketi karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuwa wa kwanza kutoka. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimesikia kutoka kwake neno moja tu la Kiswahili, "ndiyo". Nyemo, hujambo? Ndiyo. Nyemo, daftari lako liko wapi? Ndiyo. Wenzake walikuwa wameshachoka hata kumcheka.

Siku ya tatu ya mchezo ule, wakati duara limenyamaza kidogo, Nyemo alisimama bila kuitwa. Akasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo:

"Mbuzi wa bibi ana miwani ya maziwa!"

Akaangalia juu kama anayesoma mahali, akamalizia:

"Anasoma majani!"

Watoto walianguka. Sisemi kwa kutia chumvi, walianguka sakafuni wakagaagaa. Mimi mwenyewe nilishika ubao nisije nikaanguka. Na Nyemo alisimama pale katikati, uso wake umejaa mshangao wa mtu aliyerusha jiwe dogo akaona embe kumi zinadondoka. Mapumziko alinifuata hadi mlangoni mwa ofisi. "Mwalimu," akasema, "naomba chaki." Ilikuwa sentensi nzima, yenye adabu yake. Nilimpa mbili.

Ndani ya mwezi mmoja Nyemo alikuwa akiongea. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika kila kiungo, lakini alikuwa akikitumia, anagombana nacho, anamsengenya nacho jirani yake.

Sasa, madarasa ya shule ile yalitenganishwa na ukuta usiofika juu. Kelele zetu zilivuka. Siku moja mlango ukafunguka, akasimama Mwalimu wa Taaluma na tai yake.

"Hili ni somo gani, Mwalimu?"

"Mashairi, Mwalimu. Yale ya semina."

Akawatazama watoto sakafuni, akatazama madawati yaliyorundikwa. Nilidhani atakasirika. Laiti angekasirika.

"Jambo hili ni zuri," akasema. "Linahitaji utaratibu."

Utaratibu ulimchukua wiki tatu. Aliandika kwa mkono, kurasa ishirini na sita, kitu alichokiita Mwongozo wa Kufundisha Mashairi Yasiyo na Maana kwa Madarasa ya Awali. Na hapa nikiri kwamba mwandiko wa mtu yule ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuona, hata leo. Herufi zilisimama kama askari wa gwaride. Lakini soma sasa kilichoandikwa. Shairi lisilo na maana liwe na beti zisizopungua mbili. Kila mshororo uwe na mizani kumi na sita, nane kwa nane. Vina vitunzwe. Mishororo mitatu ya mwanzo isiwe na maana. Mshororo wa nne ubebe funzo.

Nilimuuliza, "Mwalimu, likiwa na funzo bado ni upuuzi?"

Akafikiri kwa dhati. "Robo tatu," akasema.

Akaninyang'anya kipindi changu kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Madawati yakarudi kwenye mistari. Mimi nikaambiwa niketi nyuma nijifunze. Na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusahihisha yale ambayo watoto walikuwa wameshayatunga. Akamwita Nyemo mbele na daftari lake.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa bibi."

"Huyo mbuzi yupo kweli?"

"Yupo."

"Basi shairi lina maana. Kosa." Kalamu nyekundu. "Miwani anayo?"

Nyemo akafikiri. "Hana."

"Basi umesema uongo. Kosa la pili."

Nikiwa kule nyuma nilimwona mtoto akijaribu kuelewa jinsi sentensi moja inavyoweza kuwa na makosa mawili yanayogombana. Mtu mzima angeshindwa. Yeye alikuwa na miaka minane.

Mwisho wa muhula alitunga mtihani. Nina hakika hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyewahi kutunga mtihani kama ule. Alichukua shairi la chura na chafya, lile lile la binti wa semina, akaliandika ubaoni kwa mwandiko wake wa gwaride. Chini yake swali: Shairi hili linatufundisha nini? A, usafi wa mwili. B, uvumilivu. C, utunzaji wa mazingira. D, yote hapo juu.

Jibu sahihi lilikuwa D.

Nyemo hakuchagua herufi. Aliandika, kwa herufi zake zilizopinda, "Halifundishi. Linacheka." Alipata sifuri. Nililiona daftari lile mezani ofisini, nikalifunga, nikaliweka chini ya mengine. Nilimwambia nani? Sikumwambia mtu.

Kisha ikatangazwa kwamba wageni wa halmashauri watakuja kutazama ufundishaji wa madarasa ya chini. Mwalimu wa Taaluma alipata joto la furaha kama bibi harusi. Viti vikaazimwa kanisani, turubai likafungwa mbele ya ofisi, soda zikaletwa kwa bodaboda. Watoto wa darasa la pili wangeghani mashairi yasiyo na maana, na Nyemo angeanza, kwa sababu mimi, kwa ujinga wangu, niliwahi kumsifia ofisini. Shairi lake lilikuwa limesharekebishwa. Bado nalikumbuka:

Mbuzi wetu ana pembe, yeye hali jalalani,
msafi huyu kiumbe, aogaye kwa sabuni.

Likaendelea hivyo mpaka "nasi tuige usafi". Mizani ilikuwa kamili, niliihesabu mwenyewe kwa vidole. Mbuzi alikuwa amekufa.

Siku yenyewe jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vya watoto, maana turubai lilitosha wageni tu. Wageni walikuwa wanne. Mmoja wao mama mnene mchangamfu mwenye miwani mikubwa ambayo vumbi la barabara lilikuwa limeipaka weupe. Nyemo akasogea mbele, sare yake imefuliwa, miguu imepakwa mafuta. Akaanza vizuri.

"Mbuzi wetu ana pembe..."

Akamwona yule mama. Niliona jicho lake likisimama. Akavuta pumzi, na kwa ile sauti yake ya siku ya kwanza akapaaza:

"Mbuzi wa bibi ana miwani ya maziwa! Anasoma majani!"

Mistari ya watoto ilivunjika kama uzi wa shanga. Walicheka wakashikana. Yule mama alichelewa kidogo kuelewa, akavua miwani, akaitazama, akacheka mpaka akaifuta machozi badala ya vumbi. Ilikuwa saa nzuri kabisa ya shule ile. Ingeishia hapo ningekuwa nasimulia habari nyingine leo.

Mwalimu wa Taaluma akasimama. "Samahani wageni wetu. Nyemo. Waeleze wageni maana ya ulichosema."

Kicheko kikafa mstari kwa mstari.

"Maana yake nini, Nyemo?"

Akaweka mikono nyuma, akaanza kusubiri.

Yule mama akasema, "Mwalimu, mwache akae, mbona amefanya vizuri tu."

"Ahsante, mheshimiwa. Hii ni hatua ya nne ya mwongozo."

Hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo nisilomsamehe. Alikuwa akisubiri kwa upole, kama mtu aliye kituoni na ana uhakika basi litafika. Jua likaendelea. Nyemo alitazama miguu yake iliyong'aa mafuta, akatazama wenzake, kisha akanitazama mimi.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya soda. Barua yangu ya kuomba uhamisho kwenda mjini ilikuwa kwenye droo ya Mwalimu wa Taaluma, maana mwalimu mkuu hakusaini kitu ambacho yeye hajakipitia kwanza. Mume wangu alikuwa mjini, mtoto wangu wa miaka miwili alikuwa akilelewa na wifi. Ninaeleza tu. Nyemo alinitazama, na mimi nikachukua kifungulio nikafungua soda ambayo hakuna mtu aliyeiomba.

Baada ya muda ambao siwezi kuupima, Nyemo alisema, "Ndiyo."

"Ndiyo si maana," akasema Mwalimu wa Taaluma. Lakini akamruhusu akae.

Hakuongea tena mwaka ule. Alipofika darasa la nne alirudi kuongea, na walimu walimsifia, maana kilikuwa Kiswahili safi, kimepangwa, kiima mahali pake na kiarifu mahali pake. Kiswahili cha kujibia maswali. Sikuwahi kusikia tena mtu mzima wala mtoto akicheka kwa jambo alilosema Nyemo. Mwongozo, kwa upande mwingine, ulitolewa kopi ukapelekwa shule za jirani, na mwenyewe akawa anaalikwa kwenda kuufundisha. Akaanza kubeba mkoba wa ngozi ya bandia.

Nitasema na hili, ingawa linaniudhi. Mtu yule hakukosa kazi hata siku moja. Masika korongo la njiani likijaa, sisi tuliokuwa tunakaa ng'ambo tulishukuru Mungu tukalala. Yeye alivua viatu, akakunja ile suruali yake ya mstari hadi mapajani, akavuka na mkoba kichwani, na saa moja na nusu alikuwa darasani, miguu ina matope, tai imekaa sawa. Wavulana wawili wa darasa la saba ambao hawakujua kusoma aliwafundisha yeye, jioni baada ya masomo, miezi minane, bila mtu kumtuma. Wakasoma. Na alipoona Nyemo amenyamaza, jambo hilo lilimsumbua kweli. Aliniuliza mara mbili kama mtoto anapata chakula cha kutosha.

Kuna siku nilikwenda kwa bibi yake Nyemo kununua karanga. Bibi akanikaribisha ugali kwa mlenda, tukala, akasema, "Yule mwalimu wenu mwenye kitambaa shingoni alifika hapa."

"Kufanya nini, bibi?"

"Alikuja kumtazama mbuzi."

"Mbuzi?"

"Nami niliuliza hivyo hivyo. Nikamtolea. Akamtazama sana, usoni, hivi." Bibi akainama akaonyesha jinsi alivyotazama, uso kwa uso. "Akazunguka nyuma. Akarudi mbele. Nikadhani anataka kumnunua. Halafu akaaga. Ni mzima yule?"

Nilicheka njia nzima kurudi. Niliwasimulia wenzangu ofisini tukacheka wiki mbili, na kila alipoingia kulikuwa na mtu wa kulia "mee" chini ya meza. Alikuwa akigeuka taratibu, akitafuta sauti imetoka wapi.

Uhamisho wangu ulitoka. Alinipa barua mkononi, imepigwa muhuri, na akaniambia kwamba kuhama kunatufundisha mambo mawili. Nikapanda gari kabla hajafika la pili.

Miaka imepita. Ninafundisha mjini sasa, mtoto wangu yule wa wifi yuko sekondari. Jumamosi moja asubuhi, juzi juzi tu, nilikwenda soko la Majengo kutafuta choroko. Nikamkuta mzee mmoja kwenye genge la nafaka, kavaa fulana ya kijani na kandambili, anaokota choroko moja moja kwenye gunia, anaiangalia, anaiweka kiganjani. Mwenye genge, kijana, alikuwa amemwacha tu, kama unavyomwacha kuku akidonoa. Ningempita. Ila aliinua kichwa kunitazama, na mtazamo ule nisingeusahau.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Hujambo? Familia?"

Akanieleza amestaafu, anaishi Mpwapwa, binti yake amejifungua hapa mjini, amekuja kumwona mjukuu. Nikasema hongera. Nikangoja anieleze mjukuu anatufundisha nini. Hakunieleza. Nikaanza kuaga.

"Mwalimu," akasema, "naomba nikuulize jambo, kama huna haraka. Nimekaa nalo muda mrefu na sina mwingine wa kumuuliza. Wewe ulikuwepo."

"Uliza tu, Mwalimu."

Akasogea nje ya njia, maana wabeba magunia walikuwa wanapita. "Wale watoto. Wakati ule wa mashairi. Walikuwa wanacheka nini?"

Nikadhani ananikejeli. Nikamtazama vizuri. Hakuwa anakejeli, mtu yule hakuwahi kuwa na kejeli mwilini mwake.

"Una maana gani, Mwalimu?"

"Walipokuwa kwako walicheka. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta. Semina nayo, watu wazima walicheka. Mimi sikuona. Nikadhani nimepitwa na kitu, basi nikaandika ule mwongozo. Nilisema, nikikipanga vizuri, hatua kwa hatua, nitafika mahali nitakiona." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nayasoma nyumbani. Nilimsomea marehemu mke wangu. Yeye naye alicheka. Nikamuuliza, hakuweza kunieleza. Alisema, we acha tu."

Kwa miaka hii yote nilikuwa na hotuba yangu. Nimeitunga jikoni, nimeitunga kwenye foleni ya benki, kila neno lina makali. Ilikuwa inaanza na jina la Nyemo. Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika choroko kiganjani, ananiomba. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwambia kwamba kwa mara ya kwanza maneno hayakuwa yakiwadai wale watoto kitu chochote, na walifurahi kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Ningeweza hata kumsomea ubeti, pale pale, na kumpigia makofi, tukaanza polepole.

Nikasema, "Walikuwa wanakucheka wewe, Mwalimu."

Nilisema kwa ukali niliokuwa nimeutunza. Nikasubiri niuone umemwingia.

Uso wake ulilegea. Mabega yakashuka. Macho yakaenda huku na huku kama mtu anayekagua hesabu ndefu na kuona kila mstari unakubali.

"Kumbe," akasema. "Eh. Hilo naelewa."

Akarudisha choroko guniani na akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika daktari aliyetoka na habari njema. "Ahsante sana, Mwalimu. Mungu akubariki. Yaani nimehangaika nalo!"

Akasimamisha bajaji, akapanda, akaketi wima katikati ya kiti, mfuko magotini. Kabla haijaondoka alinipungia mkono, na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kwa miaka sita sikuliona.

Nilichomwambia hakikuwa kweli. Kilikuwa kweli mwishoni, kwetu sisi walimu, na kwa sababu nyingine kabisa. Watoto hawakuwa wakimcheka. Watoto walikuwa wakimwogopa.

Bajaji ilikwama kidogo mbele ya mashine ya kusaga, ikisubiri mkokoteni upite. Sauti yangu ingemfikia. Sikumwita.